Barua kwa mwanangu: tufe linalopinda kulia

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na bibi yako, alhamdulillahi, maumivu ya miguu yamempungua na sasa anatoka mwenyewe hadi barazani. Barua yako kuhusu bolingi, huu mchezo wetu wa kuviringisha tufe zito kuangusha pini 10, nimeisoma, na zile video walizokurikodi wenzako huko Maskati nimezitazama polepole, moja baada ya moja. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu jambo hili linataka uliweke mbele yako, uende ukalijaribu, kisha urudi kulisoma tena.

Unasema anayekufundisha amekwambia kuwa tufe lako ni la bakapu, na kwamba dawa yake ni kuusokota mkono kwa nguvu upande wa pili wakati wa kuliachia. Kuwa ni la bakapu halina ubishi, nimeliona kwa macho yangu: unatumia mkono wa kulia, na badala ya tufe kupinda kwenda kushoto linapokaribia pini, kama yanavyopinda ya wachezaji wengi wa mkono huo, lako linapinda kwenda kulia. Hiyo dawa ndiyo nisiyoikubali, hasa baada ya kusoma kwamba kisugudi kimeanza kukuuma kwa ndani. Mkono unaosokotwa huku umebeba tufe la pauni 12 unautupa uzito wote huo kwenye kano za kigasha, na hakuna ushindi wa bolingi wenye thamani ya kano zako. Wacha kusokota kuanzia leo, na maumivu yasipokwisha baada ya kupumzika, nenda hospitali kabla hujarudi kwenye leni, ile njia ndefu ya mbao tunayoviringishia tufe.

Sasa tuangalie linaanzia wapi, maana halianzii pale mkononi mwishoni. Itazame ile video iliyochukuliwa kutoka nyuma yako. Tufe linapopanda nyuma halipandi sambamba na bega. Linaingia nyuma ya mgongo na kuelekea upande wa kiuno cha kushoto. Likishafika huko haliwezi kurudi mbele kwa mstari ulionyooka, bali lazima lilizunguke paja na kutoka nje kuelekea kulia, na kigasha nacho kikilifuata hufunguka na kukigeuza kiganja upande wa nje. Mtu aliyesimama nyuma yako akilichukulia tufe kuwa ni uso wa saa ya ukutani, ataona kidole gumba kinatoka penye tarakimu 1 au 2, ilhali kidole cha kati na cha pete viko penye 7 au 8. Mwenye tufe linalopinda kushoto hutoa gumba penye 10 au 11, na vidole vyake viwili huwa penye 4 au 5. Vidole ndivyo vinavyotoka mwisho, na vikitoka ndivyo vinavyolipa tufe mzunguko, kwa hiyo upande vilipo ndio unaoamua tufe lizunguke vipi.

Ndiyo maana nataka uanze na mbembeo wa mkono, uache habari ya vidole kwanza. Tafuta ukuta wowote hapo hosteli. Simama ukuta ukiwa upande wako wa kulia, bega likiwa mbali nao kiasi cha upana wa kiganja, kisha uuachie mkono mtupu ubembee mbele na nyuma bila ya kuusukuma. Ukiuona mkono unapokwenda nyuma unaachana na ukuta na kuusogelea mgongo, hapo ndipo penye tatizo. Na ukija mbele ukaugonga ukuta, ni tatizo lile lile limejitokeza upande wa pili. Fanya hivyo kila siku kidogo kidogo mpaka umbali wa mkono na ukuta ubaki ule ule mwendo wote. Ukienda kwenye leni, anza kwa kulishika tufe mbele ya bega la kulia. Wewe unalishika mbele ya kitovu, na mtu anayelianzishia tufe katikati ya mwili hulazimika kulikwepesha nyonga linaposhuka, na kulikwepesha huko ndiko kunakolipeleka nyuma ya mgongo.

Uzito nao una sehemu yake. Wengi hufuata kipimo cha sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, na sheria za mchezo zinaishia pauni 16, yaani kilo 7.26. Kwa mwili wako pauni 12 zimekuzidi, na tufe likimzidi mtu, kifundo cha mkono hupinda kwenda nyuma kabla ya kulifikisha kwenye mstari wa faulo, ule ambao mguu hauruhusiwi kuuvuka, kiganja kikakosa kulidhibiti. Chukua la pauni 10 kwa muda huu wa mazoezi wala usione haya kwamba wenzako wana mazito.

Kisha lipo suala la tundu la gumba, ambalo naliona ni kubwa kuliko unavyodhani. Katika picha ya mkono uliyonitumia ipo sugu imeota kwenye tumbo la kidole gumba, ngumu na ya manjano, na pembeni yake ngozi imebanduka. Mkono usiobana hauoti sugu ya namna hiyo. Wewe unalibana tufe kwa sababu tundu limekupwaya na unaogopa litakuponyoka. Na kwa kuwa umelibana, gumba linachelewa kutoka, mkono unaendelea kupanda huku umelinasa tufe, na njia rahisi ya kulinasua ni kukigeuza kiganja nje. Upo utepe maalumu unaobandikwa ndani ya tundu. Ongeza vipande kimoja kimoja mpaka gumba liingie kwa kugusa pande zote na litoke bila ya kuvutwa, na ukiona unaweza kuuning'iniza mkono wenye tufe bila ya kukaza vidole, umefika. Joto huvimbisha kidole, kwa hiyo huenda ukaongeza kipande asubuhi na kukitoa jioni.

Baada ya hayo ndiyo tuje kwenye kuachia tufe. Simama hatua moja tu nyuma ya mstari, mguu wa kushoto ukiwa mbele, magoti umeyakunja, na tufe likining'inia pembeni mwako. Kiweke kiganja nyuma ya tufe, vidole viwili vikiwa penye tarakimu 5 tangu mwanzo, kabla hujabembea chochote, na kifundo cha mkono kiwe kimenyooka. Bembea nyuma kidogo, rudi mbele, na tufe likifika usawa wa kifundo cha mguu liachie gumba litoke lenyewe, vidole vikifuata. Mkono wako umalizie mbele kama wa mtu anayempa mkono mgeni aliyekuja kumtembelea. Hapo katikati usigeuze kitu. Ninalotaka ulishike ni kwamba mkono ufike chini ukiwa umeshakaa unavyotakiwa, na kazi yake ibaki moja tu ya kuachia, kwa sababu mkono unaotafuta mkao wake wakati tufe limeshafika kwenye kifundo cha mguu hautaupata mara mbili mfululizo. Zoezi hili lifanye bila ya kuhesabu pini zilizoanguka. Ikiwezekana, lenga leni isiyo na pini kabisa.

Utajuaje kama unabadilika? Tufe likirudi, usilifute upesi. Leni hupakwa mafuta, na katika mpako wa kawaida wa kumbi yanafika takriban futi 40 kutoka mstari wa faulo, mengi yakiwa katikati na machache pembeni. Tufe linapopita juu yake hurudi na pete ya mafuta mwilini mwake. Lishike matundu yakikutazama, la gumba likiwa chini, uliinamishe kwenye mwanga wa taa: pete ikiwa kushoto mwa matundu, tufe limezunguka kwa namna ya kupinda kushoto, ikiwa kulia, umetupa bakapu. Pete haina upendeleo kama jicho la rafiki, nami naiamini kuliko video zote. Ukishaiona, lifute kwa taulo, maana mafuta yakibaki tufe litateleza tu.

Yafanye haya kwa wiki kadhaa bila ya pupa. Pete ikihamia kushoto, basi bakapu yako ilitokana na mbembeo na tundu, na utaendelea na tufe la kupinda kushoto kama wengine. Lakini inawezekana mbembeo ukanyooka, tundu likakaa sawa, maumivu yakaisha, na pete ikabaki kulia. Hapo mwanangu ujue kwamba ndivyo ulivyoumbwa mkono wako. Simama mbele ya kioo mikono ikining'inia na viganja vikitazama mbele, utaona kigasha hakikunyooka na mkono wa juu bali kimejitenga kwenda nje kidogo. Kila mtu ana pembe hiyo, na wanawake wengi wanayo kubwa kuliko wanaume, ndiyo maana bakapu huonekana zaidi kwetu. Nilipokuwa nikifanya kazi Dubai nilicheza na wanawake wa namna hiyo, na waliokuwa wakinishinda hawakuwa wachache. Jason Belmonte wa Australia alitokea akirusha kwa mikono miwili, gumba likiwa nje ya tundu, na wengi wakaona si bolingi. Mwaka 2019 akavunja rekodi ya mataji makubwa katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani.

Ila mwenye bakapu akitaka kushinda, lazima ahame upande, na hili ndilo ambalo hujaambiwa. Wewe unasimama kulia na kulenga nafasi iliyo baina ya pini ya 1, iliyo mbele kabisa, na ya 3 iliyo nyuma yake kulia, kama wenye tufe la kupinda kushoto. Wao tufe lao linaingia pale likielekea katikati ya kundi la pini. Lako linapofika pale limeshageuka, linakimbilia nje. Linaigusa ya 1 na ya 3 kisha linatoroka kulia, na ya 5 iliyo katikati inabaki imesimama ikikutazama, jambo ambalo nimeliona likijirudia katika video zako. Nafasi yako wewe ni baina ya pini ya 1 na ya 2 iliyo nyuma yake kushoto, ile inayotumiwa na wenye mkono wa kushoto. Katika straiki safi ya upande huo, yaani pini zote 10 kuanguka kwa mrusho mmoja, tufe lenyewe hugusa pini 4 tu, ya 1, ya 2, ya 5 na ya 8, na 6 zilizobaki huangushwa na pini wenzake. Kuzifikia hizo nne kunahitaji tufe liingie kwa mshazari, nyuzi 4 hadi 6 hivi, na tufe lililonyooka haliwezi kuupata mshazari huo, kwa kuwa leni ina upana wa mita 1.05 tu na masafa ya mita 18.29 kufikia pini ya mbele. Kupinda ndiko kunakoutengeneza, nako tayari unako.

Kwa hiyo sogea kushoto mpaka mguu wako wa mwisho uwe karibu na ukingo wa kushoto wa leni. Utahisi umebanwa, kwa sababu mkono wako wa kulia uko upande wa pili wa mwili, lakini usirudi katikati. Kwenye leni imechorwa mishale 7, kila mmoja ukiwa umbali wa mbao 5 kutoka mwenzake, zile mbao nyembamba zilizopangwa kwa urefu wa leni. Lenga wa pili ukihesabu kutoka kushoto. Tufe likipita mbele ya pini ya 1 na kwenda kulia, sogeza miguu yako kulia kidogo au lenga ubao mmoja kushoto; likibaki kushoto mwa nafasi yako, fanya kinyume chake. Unayo na faida moja ambayo wengine hawana: wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia na kuyamaliza mafuta ya upande wao kadiri mchezo unavyoendelea, na upande wako unakaa bila ya kubadilika kwa muda mrefu.

Kwa pini moja moja zilizobaki usitumie tufe linalopinda. Tafuta tufe la plastiki, ambalo halishiki leni sana, ulirushe gumba likiwa penye tarakimu 12 na kiganja kikitazama pini. Ya 7 iliyo pembeni kushoto itakusumbua zaidi kwa sababu tufe lako huikimbia kona hiyo, hivyo isimamie kutoka kulia kabisa na kuvuka leni kwa mshazari. Ya 10 iliyo pembeni kulia itakuwa rahisi kwako kuliko kwa wenzako, na ni wivu wangu wa miaka mingi.

Siku utakapokwenda kununua tufe lako mwenyewe, usilitoboe kabla fundi hajakuona ukirusha. Wewe ukiwa na bakapu, mhimili wa mzunguko wa tufe lako unatokea kushoto mwa matundu, kama wa mchezaji wa mkono wa kushoto, na fundi asiyelijua hilo atatoboa kwa hesabu ya mkono wa kulia, kiini kizito kilicho ndani kikafanya kazi kinyume na unavyotaka. Mpelekee tufe lenye pete ya mafuta bado mwilini, umwonyeshe wewe mwenyewe unavyolishika, naye apime kutoka hapo ndipo atoboe.

Baba yako na wadogo zako wanakusalimu. Usiache kuniandikia kuhusu kisugudi kabla ya jambo lingine lolote.

Wasalaam,
Mama yako