Mkataba wa SGR ubandikwe Miritini tuusome

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako tangu enzi zangu za kazi bandarini na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari yenu ya deni la SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, kugeuzwa kutoka dola hadi yuan, pesa ya Uchina, imenitoa pangoni. Mliiandika kana kwamba tumesamehewa. Waziri wa Fedha Mbadi alisema Oktoba 2025 kwamba tutaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka, mkamnukuu, mkaweka picha ya treni, basi. Hakuna aliyemuuliza: kama sasa tunaokoa kiasi hicho, nani alitutia kwenye riba ile ya kwanza?

Mkopo ulitiwa saini Mei 2014 na benki ya Exim ya Uchina. Ile sehemu ya kibiashara ilifuata riba ya soko la dunia, kisha ikaongezwa asilimia 3.6 juu yake. Reli ya kilomita 472 ikatugharimu shilingi bilioni 327. Ukizuka ugomvi, shauri linaamuliwa Beijing kwa sheria za Uchina. Haya wananchi tuliyaona Novemba 2022, Murkomen, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, alipotoa baadhi ya kurasa. Baadhi, Mhariri! Miaka minane baadaye, tena ushuru wa reli tunakatwa kwenye kila bidhaa inayotoka ng'ambo tangu 2013, sufuria za mke wangu zikiwemo.

Mei mwaka huo wa 2022, Mahakama Kuu hapa Mombasa ilikuwa imeamuru mikataba hiyo itolewe. Nikavaa kanzu safi nikaenda ofisi moja ya serikali nikaisome. Kijana wa mapokezi akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikamwambia mimi ni mlipa ushuru. Akacheka, akamwita mwenzake naye aje acheke. Huyo wa pili akanieleza kwa adabu, "Mzee, hayo ni mambo ya siri baina ya nchi na nchi." Nikamuuliza, mwanangu, nchi ni nani kama si mimi na wewe? Akaniambia niandike barua na niambatishe nakala ya kitambulisho. Nikaandika. Ikapigwa muhuri, muhuri mzuri wa buluu, na jibu sijaliona mpaka leo. Sasa nieleze wewe uliyesoma: mtu anadhaminiwa mkopo na wajukuu wangu ambao hawajazaliwa, halafu mimi babu yao nikitaka kuona karatasi naonekana mwizi? Na mke wangu, aliyekuwa na hoteli pale Mariakani, kwenye barabara ya malori ya Nairobi, alipoamka 2019 na kukuta mizigo yote ya Nairobi imeamriwa ipande treni, malori yakapungua na sufuria za pilau zikabaki zimejaa, yeye siri hiyo ilimhusu au haikumhusu? Vijana waliandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu. Amri ilikuja kuondolewa 2022 na Rais Ruto. Hoteli ilikuwa imeshafungwa zamani.

Mchina simlaumu. Alijua anachokitaka, akajenga, na treni yenyewe naipanda, ni safi. Wanaonichoma ni wetu waliokaa upande wa pili wa meza.

Hata kwenye samaki ni wao hao hao. Mtu wa Kisumu, ziwa liko mlangoni, anauziwa tilapia ya barafu kutoka Uchina. Mwaka 2018 serikali ilitishia kumpiga marufuku samaki huyo, ubalozi wao ukakasirika, sauti zikapoa. Avokado zetu ziliporuhusiwa kwenda kwao 2022 tulipiga ngoma kama tumetwaa Kombe la Dunia. Hesabu ya tunachonunua na tunachouza hamuichapishi, sijui kwa nini.

Na sasa wanataka kuifikisha reli Malaba, mpakani na Uganda. Kabla hawajatia saini nyingine, ile mikataba ya 2014 ifasiriwe kwa Kiswahili, kurasa zote na viambatisho vyake, ibandikwe ukutani stesheni ya Miritini, ule upande wa foleni ya ukaguzi wa mizigo, kwa maana pale tunasimamishwa muda wa kutosha kusoma. Herufi ziwe kubwa, wengine macho yamechoka. Nawe, Mhariri, chapisha ukurasa mmoja kila Jumatatu. Ukikosa nafasi, punguza mpira wa Uingereza.

Mstaafu wa bandari,
Changamwe, Mombasa