Tusingoje boma lipauliwe ndipo tukae vizuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wapangaji wenzangu, na pia nanyi mnaoandaa kurasa za nyumba na makazi. Kurasa hizo huwa nazisoma. Kila mara ni dari za jipsamu, vigae vinavyong'aa na makochi meupe ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuyamwagia uji. Ni nyumba nzuri, sina neno nazo. Lakini wasomaji wenu wengi tunaishi chumba na sebule ndani ya nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, choo uani, na kule pembeni ya mji tuna kiwanja chenye boma, kuta tupu zisizo na paa, lililofika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, likasimama hapo.

Hapa Tanga ukimuuliza mtu mbona chumba chake hakina hata pazia la maana, atakujibu, "Hapa tunapita tu, tutapamba tukihamia kwetu." Jirani yangu mmoja ana seti ya vikombe iliyofungwa kwenye boksi chini ya kitanda, inasubiri nyumba. Mwanawe wa kwanza alizaliwa hapo hapo kwenye upangaji, leo yuko sekondari. Ujenzi wetu tunaujua: mwaka huu tofali, mwaka ujao ada ya shule imemeza nondo. Anayengoja kupaua ndipo atundike pazia zuri, watoto wake watakulia kama abiria kwenye kituo cha basi. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga Ngamiani kwenye nyumba ya zamani sana. Ukuta wa chumbani ulikuwa unatoa chumvi. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kitanda rangi imevimba, ukiigusa inabanduka na unga mweupe unabaki kidoleni. Wapangaji waliopita waliupaka rangi ya mafuta, ikabanduka, wakaupaka tena. Mzee mmoja fundi rangi wa mtaani ndiye aliyenifafanulia: nyumba hizi nyingi zilijengwa bila karatasi ya nailoni juu ya msingi, kwa hiyo unyevu unapanda na chumvi zake, na rangi ya mafuta inaufungia ndani mpaka unaipasua. Tukakwangua yote, tukasugua kwa brashi ya waya, tukauacha ukuta ukauke kiangazi, kisha tukapaka chokaa, ambayo inauacha ukuta upumue. Mkono wa kwanza ulionekana maji matupu, hata mume wangu akaguna. Ulipokauka ukawa mweupe pe. Tukaongeza miwili.

Kila baada ya masika chumvi inajitokeza kidogo. Naifuta kwa brashi kavu, napaka mkono mmoja juu yake, yameisha. Ukuta ule hautapona kabisa na mimi sina ugomvi nao tena.

Dirisha langu ni la nondo na wavu wa mbu, linatazama uchochoro. Nilichukua doti ya kanga ya njano, nikaitenganisha vipande viwili, nikakunja upindo wa juu nikapitisha kamba ya katani, jina likakaa chini linasomeka ukiwa umeketi kitandani. Jua la asubuhi likipita hapo, chumba kizima kinapata rangi. Balbu ya sebuleni nimeivika kikapu cha ukindu kilichogeuzwa (balbu iwe ya LED, maana zile za zamani zinapata moto na zinaweza kuunguza kikapu). Uani nikaomba ndoo tupu za rangi kwa mafundi, nikazitoboa chini, nikapanda mrehani, asmini na mchaichai. Mchaichai tunauchuma wapangaji wote, na ugomvi wa zamu ya kufagia uani umepungua sana.

Wapo wanaosema ukipendezesha chumba unamfaidisha mwenye nyumba, kesho atapandisha kodi au akuambie mwanawe anakuja kukaa. Hoja hiyo ina uzito, nimeona ikitokea mtaani kwetu. Ndiyo sababu vitu vyangu vingi ni vya kuondoka navyo: pazia, kikapu, mkeka, ndoo za maua. Kinachobaki ukutani ni chokaa, na chokaa haijamfilisi mtu. Kwa kazi kubwa zaidi, kama kubadili bati linalovuja, nawasihi wenye nyumba wakubali kuandikiana na mpangaji kwamba gharama itakatwa kwenye kodi ya miezi inayofuata. Kwa desturi yetu ya kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, hesabu hiyo haina ugumu, na nyumba inayobaki nzima ni yake mwenyewe.

Nawe Mhariri, ombi langu ni hili. Katika kurasa zenu tupeni na sisi nafasi. Mtumeni mwandishi wenu aje Ngamiani, aende Mbagala na Manzese kule Dar es Salaam, aulize watu wanavyotengeneza chumba kimoja kikatosha kulala, kusomea watoto na kupokea wageni. Aandike na bei za chokaa, za brashi, za mkeka, ili mtu akisoma Jumamosi aweze kuanza kazi Jumapili. Mimi mwenyewe nitampokea, na vikombe vya chai vipo juu ya meza.

Fundi Cherehani,
Ngamiani, Tanga