Barua kwa Mwanangu: Yule Anayerudi na Jibu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniambia kwamba mwaka huu utapiga kura kwa mara ya kwanza, kwamba umehudhuria mikutano ya wagombea watatu, na kwamba kila ukirudi nyumbani unajikuta umemwamini yule uliyemsikiliza mwisho. Usijione mjinga kwa hilo, kwa maana watu hao wamejifunza kuzungumza, na mtu mwenye kiu ya kuona mambo yakitengemaa humwamini upesi anayeyasema vizuri. Umeniuliza utamjuaje mwanasiasa wa kuaminika, atakayewafaa waliomchagua. Swali hilo nimelibeba miaka mingi, kwa hiyo univumilie nikilijibu kwa urefu.

Nianze na jambo ulilolishuhudia mwenyewe ingawa huwezi kulikumbuka, kwa kuwa ulikuwa mdogo na ulikuwa umelala mapajani mwangu. Baba yako alipofariki, mafao yake yalikwama kwa sababu jina lake kwenye kitambulisho cha kazi lilitofautiana kwa herufi moja na jina lililoandikwa kwenye cheti cha kifo. Nilizungushwa ofisi hadi ofisi, kila dirisha likinielekeza dirisha jingine, mpaka nikaamua kwenda kwa mwakilishi wetu. Alinipokea kwa bashasha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisikiliza kidogo, kisha akasema, "Mama, hilo niachie mimi." Hakuandika chochote wala hakuniuliza namba ya jalada. Nilitoka pale na furaha kubwa, na kwa mwaka mzima nilimtetea mbele ya majirani, huku kila nilipopiga simu msaidizi wake akiniambia kwamba suala langu linafanyiwa kazi.

Aliyechukua nafasi yake baada ya uchaguzi hakuwa mtu wa maneno mengi, na nikiri kwamba sikumpigia kura. Alikuwa na daftari kubwa lenye safu alizozichora kwa rula: tarehe, jina, shida, ofisi inayohusika, siku ya kutoa majibu. Alisoma nyaraka zangu zote moja baada ya nyingine, akaipata ile herufi, akaizungushia duara kwa penseli. Kisha akaniambia neno ambalo wakati ule lilinikata maini: "Siwezi kumwamuru ofisa akulipe. Nikimwamuru leo akulipe wewe, kesho mwingine atamwamuru asikulipe. Ninachoweza ni kumtaka aeleze kwa maandishi kwa nini hajakulipa." Baada ya wiki tatu nilipata barua yake. Ilisema kwamba ombi la kwanza limekataliwa, ikaeleza sababu, ikanielekeza kuapa kiapo cha kuthibitisha majina, na mwishoni ikasema wazi kwamba fidia ya kucheleweshewa malipo, niliyokuwa nimeiomba pia, sheria haikuiruhusu na nisiitegemee. Miezi michache baadaye mafao yalilipwa. Nilikuja kusikia kwamba aliligeuza suala langu, bila kunitaja, kuwa swali bungeni, kwa kuwa kwenye daftari lake kulikuwa na wajane na wastaafu wengine waliokwama kwa herufi kama mimi.

Tangu wakati huo kipimo changu cha kwanza kwa mwanasiasa ni hicho: je, hurudi kwa aliyemtuma na jibu, hata jibu likiwa chungu? Anayerudi na mafanikio peke yake bado hujamjua. Yule anayekuja kukwambia kwamba imeshindikana, akakueleza ilishindikana wapi na nini kimebaki cha kujaribu, amekuheshimu kuliko aliyekupa matumaini, kwa kuwa amekuachia nafasi ya kutafuta njia nyingine badala ya kukufungia kwenye subira isiyo na mwisho.

Ili uweze kukitumia kipimo hicho, lazima kwanza ujue kazi yenyewe ni ipi, kwa sababu udanganyifu mwingi huanzia hapo. Mwakilishi wa bunge, karibu popote duniani, hutunga sheria, huidhinisha mapato na matumizi ya serikali, huisimamia serikali kwa maswali na kwa kamati, na hufikisha shida za waliomchagua mahali zinapoweza kutatuliwa. Hajengi barabara wala haajiri walimu, na fedha za umma si zake. Kwa hiyo anayesimama jukwaani na kuahidi kwamba yeye binafsi atajenga hiki na kile, ama haijui kazi anayoiomba ama anajua kwamba wewe huijui. Na anayegawa fedha zake mfukoni msimu wa kampeni, mwanangu, mwogope zaidi. Aliyenunua kura huona kwamba deni lake kwako limekwisha siku hiyohiyo, kisha huanza kutafuta namna ya kurudisha mtaji.

Najua utaniuliza swali gumu zaidi: je, mwakilishi afuate tunachotaka, au afuate anachoona ni sahihi? Mabishano hayo ni ya zamani. Mwaka 1774 Edmund Burke, mara tu baada ya kuchaguliwa kuwa mbunge wa mji wa Bristol huko Uingereza, aliwaambia wapiga kura wake waziwazi kwamba mwakilishi ana deni kwao la juhudi yake pamoja na busara yake, na kwamba akiitoa busara hiyo kafara kwa ajili ya maoni yao, atakuwa amewasaliti. Alitenda alivyosema. Aliunga mkono kulegezwa kwa vikwazo vya biashara ya Ireland wakati wafanyabiashara wa Bristol walihofia ushindani, akaunga mkono pia kupunguzwa kwa sheria zilizowabana Wakatoliki. Ulipofika uchaguzi wa 1780, aliona hana kura za kutosha akajitoa.

Wengi husimulia habari hiyo kama kisa cha shujaa aliyeponzwa na ukweli wake, nami namheshimu kwa hilo. Hata hivyo, kuna upande ambao mara nyingi husahaulika: katika miaka ile sita Burke alikwenda Bristol mara chache mno. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipokosea. Mwakilishi ana haki ya kupiga kura kinyume na matakwa yetu, kwa kuwa yeye amesikia ushahidi ambao sisi hatukuusikia na amekaa kwenye kamati ambazo sisi hatukukaa, lakini haki hiyo ina bei yake, na bei yake ni kurudi nyumbani, kusimama mbele ya watu waliokasirika, na kueleza. Busara isiyoelezwa haina tofauti na dharau machoni pa anayeongozwa. Kwa hiyo usimkatae mgombea kwa sababu tu aliwahi kwenda kinyume na jimbo lake au kubadili msimamo. Uliza alieleza nini, alieleza lini, na kama alieleza kabla ya kubanwa.

Sasa, uaminifu peke yake hautoshi. Nimewahi kuona watu waadilifu kabisa wasiofanikisha lolote, kwa sababu hawakujua kanuni za bunge, hawakuwa na washirika, au walichoka mapema. Mtu wa kutazamwa hapa ni Eleanor Rathbone wa Uingereza. Aliamini kwamba familia zenye watoto zinapaswa kupata posho, na mwaka 1924 alichapisha kitabu kizima kuitetea hoja hiyo. Aliingia bungeni mwaka 1929 akaendelea kuidai, na sheria ilipitishwa mwaka 1945. Hesabu miaka hiyo. Na hata muswada ulipokuwa mlangoni, serikali ilipendekeza posho ilipwe kwa baba, naye akapinga kwa nguvu, akiwa tayari kuukataa muswada alioupigania miaka yote ile, mpaka ukabadilishwa ili fedha zifike mikononi mwa mama. Alifariki Januari 1946, kabla malipo ya kwanza hayajatolewa. Mwakilishi anayefaa huonekana hivyo: analo jambo moja au mawili anayoyajua kwa undani kuliko waziri mwenyewe, anakubali kusubiri, na anasoma kila kifungu, kwa kuwa anajua kwamba neno "baba" likiachwa pale ambapo pangepaswa kuwa na neno "mama", sheria nzima huelekea kwingine. Herufi moja ilinikosesha mimi mafao, kwa hiyo nawapenda watu wanaosoma vifungu.

Yupo pia aliyeniumiza kichwa, naye ni Lyndon Johnson wa Marekani. Alipoingia katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1937, vijiji vingi vya jimbo lake huko Texas havikuwa na umeme. Shirika la serikali lililokopesha fedha za kusambaza umeme vijijini lilitaka idadi fulani ya wateja kwa kila maili ya waya, na nyumba za kule zilikuwa mbalimbali mno kufikia idadi hiyo. Johnson hakuishia kulalamika kwamba kanuni ni mbaya. Alilipeleka suala hilo mpaka kwa Rais Roosevelt, mkopo ukapatikana, na wanawake waliokuwa wakiteka maji kwa ndoo na kupiga pasi kwa vyuma vilivyopashwa motoni wakaanza kupumua. Huo ni ufanisi ambao siwezi kuubeza. Lakini mtu huyohuyo, akiwa rais, alilipeleka taifa lake ndani zaidi ya vita vya Vietnam kwa kutegemea, pamoja na mengine, taarifa ya shambulio la pili dhidi ya meli za Marekani katika Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, mwezi Agosti 1964, shambulio ambalo baadaye ilidhihirika kwamba halikutokea. Wananchi walipoona kwamba wanayoambiwa na serikali hayafanani na yanayotokea vitani, imani iliwatoka, na mwaka 1968 alitangaza kwamba hatagombea tena. Nakusimulia haya ili usije ukamsamehe mtu kila kitu kwa sababu alikuletea umeme. Tunaweza kumshukuru mtu kwa alichotufanyia na bado tukadai atuambie kweli.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa sababu jambo lenyewe liko wazi: mwamba ngoma huvutia kwake, na ndiyo maana hatuwezi kumwachia mwanasiasa ajisimamie mwenyewe. Mwaka 2009 ilifichuka kwamba wabunge wengi wa Uingereza walikuwa wakijidaia marejesho ya gharama zisizostahili, na baadhi yao walifungwa jela. Wengi wa watu wale hawakuanza siasa wakiwa wezi. Walianza kwa kudai kidogo ambacho kila mwenzao alikuwa akidai, gizani, bila mtu wa kuwaangalia. Baada ya hapo kiliundwa chombo huru cha kusimamia malipo yao. Nchini India, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2002 kwamba mpiga kura ana haki ya kujua mali, madeni, elimu na kesi za jinai za kila mgombea, na Sweden iliwapa wananchi haki ya kusoma nyaraka za serikali tangu mwaka 1766. Kwa hiyo mgombea akikwambia kwamba mali zake ni siri yake, mjibu kwa adabu kwamba alipoomba ridhaa yako ya kushika fedha za watu, alikupa haki ya kuuliza.

Ukiniuliza utaanzia wapi, nakushauri uache mikutano kwa wiki moja na uende kwenye kumbukumbu. Kwa yule ambaye tayari amewahi kushika nafasi, tafuta taarifa rasmi za mijadala ya bunge: ona aliuliza nini, alikuwamo kwenye kamati gani, alipiga kura vipi pale kura zilipohesabiwa kwa majina. Usidanganywe na wingi wa maswali, maana wapo wanaouliza ili wasikike kisha wasifuatilie jibu. Tazama kama aliliuliza tena baada ya waziri kutoa jibu la kukwepa. Kwa yule mgeni wa siasa, waulize waliofanya naye kazi chini yake, kwa kuwa mtu hujipanga akiwa mbele ya wakubwa, ila karani wake na dereva wake wanamjua. Kisha mfuate ana kwa ana na umuulize swali moja ambalo wengi hawaliulizi: ni jambo gani ambalo watu wa hapa wanalitaka, na wewe huwezi kuwapa? Mwache afikiri. Anayekosa la kusema, au anayesema hakuna lisilowezekana, umeshamjua.

Na baada ya kura, mwanangu, usikae kimya miaka yote ukisubiri uchaguzi mwingine. Yule mzee wa daftari aliwahi kuniambia kwamba watu wengi humjia wakiwa na hasira lakini bila karatasi, na kwamba aliyemletea jalada lililopangwa vizuri alikuwa amemfanyia nusu ya kazi yake. Andika barua, weka nakala, taja tarehe unayotarajia majibu.

Ile barua yake ya wiki ya tatu bado ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya nyaraka za baba yako. Ukija likizo nitakuonyesha, usome mwenyewe aya ile ya mwisho inayosema kwamba fidia haitawezekana, pamoja na saini yake chini.

Nakutakia afya njema na nasubiri barua yako. Niandikie wagombea wale watatu watakachokujibu.

Mama yako akupendaye.