Somoe, joto hupita kwenye waya

Mwanangu Somoe,

Huku Lindi sote wazima. Mama yako anakusalimu, anauliza kama baridi ya Cape Town imepungua.

Tangu uniambie Ijumaa kwamba mnachora kipokezi cha darubini ya redio kitakachokaa kwenye kelvini 20, yaani nyuzi 253 chini ya sifuri, kichwa changu hakijatulia. Mawimbi ya nyota yanafika hapa yamechoka mno, na kikuza mawimbi kikiwa na joto, elektroni zake zinapiga kelele hadi zinayafunika. Hilo nimelielewa vizuri, mama. Hata wewe hutengenezi baridi. Unatoa joto, kama baba yako na mafriza ya wauza samaki.

Kompresa yenu ya heliamu hainitii hofu. Gesi zangu zingeganda mawe kabla ya kufika huko, heliamu itafika. Naogopa joto linalorudi. Kila waya unaoingia kwenye chombo ni mlango. Vizuri mmechagua nyaya za chuma cha pua, maana shaba ingebeba joto mbio hadi ndani. Lakini hesabuni zote, hata ule mwembamba wa kipimajoto.

Halafu hewa. Unamkumbuka yule mzee wa Kitunda? Alisimama mlangoni na nguru wake, mimi nikaona haya kumchelewesha, nikazima pampu ya kuvuta hewa mapema. Unyevu ukabaki, ukaganda kwenye kapilari, ule mrija mwembamba wa kupitisha gesi, friza ikaziba. Nguru wote walioza. Nilimlipa, ila macho yake siku ile ninayo mpaka leo. Kwenu ni hatari zaidi, kwa sababu hewa inayovuja inaganda palepale penye baridi na kipimo kinaonyesha vakyumu nzuri, yaani kana kwamba ndani hamna hewa. Mkizima mashine ndipo inafumuka yote. Tafuteni uvujaji kabla hamjapoza, hata bosi akihimiza.

MeerKAT pekee, ile darubini ya redio ya Afrika Kusini, ilizinduliwa na sahani 64 kule jangwani Karoo. Ndani ya kichwa cha kupozea kuna vipande vinavyosuguana, na vitachakaa tu. Chora kwa namna ambayo fundi atavibadilisha bila kubomoa chombo kizima. Mfikirie akiwa juu ya ngazi, upepo unampiga, spana moja mkononi.

Nitumie picha ya mfereji unaokaa mpira wa kuzibia. Nataka kuona kina chake.

Baba yako