Asante, dada wa mwavuli wa kijani

Dada yangu wa Beijing, jina lako sikulipata. Siku ile mama alipotupotea ndani ya kasri la wafalme, lile lililokamilika mwaka 1420, sisi tulikuwa tumeshatokea lango la kaskazini, na huko hakuna kuingia tena. Ukamleta umemshika mkono, pole pole kwa ajili ya goti lake, mwavuli wote umemkinga yeye, wewe jua kichwani. Wala hamkuelewana hata neno.

Kesho yake, karakanani, mama alimtazama fundi akibandika kwa kibano uzi mwembamba wa shaba juu ya chombo, ua zima jani kwa jani, kabla ya kutiwa rangi na kuchomwa tanuruni. Akanunua bangili mbili. Moja ni yako, dada. Ameifunga kwenye leso, haivai mtu.