Vijana wetu wanajua Kitaliano, ya Uhabeshi hawayajui

Mhariri,

Nimetembeza wageni Malindi miaka thelathini na moja, wengi wao Waitaliano. Lugha yao niliiokota jikoni mwa hoteli nikiosha vyombo. Siku moja tukiwa kwenye mnara wa Vasco da Gama, nikieleza habari za Wareno, mgeni akanikatiza: "Sisi hatukuwa kama hao. Sisi Afrika tulijenga barabara." Nikanyamaza. Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nililipata katika kitabu nilichoachiwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alipokuwa akirudi kwao. Mwandishi wake ni Angelo Del Boca, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mwanahabari kabla ya kugeukia historia, na ni Mwitaliano. Kwangu hilo lina uzito, kwani anayesema ni mwana wa nyumba ileile. Tangu miaka ya 1960 aliandika kwamba jeshi la Mussolini, mtawala wa Italia wakati huo, liliwamwagia Wahabeshi, yaani watu wa Ethiopia, gesi ya sumu kutoka angani katika vita vya 1935 na 1936, ilhali Italia ilikuwa imetia saini mkataba wa Geneva wa 1925 unaoikataza. Askari wa zamani walimshambulia kwa maneno. Indro Montanelli, mwandishi mashuhuri aliyepigana vita hivyo, alimbishia miaka na miaka, hadi 1996 Wizara ya Ulinzi ya Italia ilipokiri, naye akakubali kuwa amekosea. Miaka thelathini mtu anaitwa mwongo kwao, na ukweli anao!

Ya Libya, koloni la Italia, pia aliyaandika: watu wa Cyrenaica, mashariki mwa nchi hiyo, wapatao 100,000 kung'olewa makwao na kufungiwa kambini, na kiongozi wa wapiganaji wao Omar al-Mukhtar kunyongwa 1931, mzee wa miaka sabini hivi.

Haya si ya mbali nasi. Kismayu, kwa ndugu zetu Wabajuni, ilikuwa ndani ya koloni la Kenya mpaka Mwingereza alipompa Mwitaliano Jubaland, ambayo leo ni kusini mwa Somalia, mwaka 1925. Na mwaka 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu hapahapa Malindi. Nyanya yangu alihesabu umri wa watoto wake kwa mwaka huo.

Wageni hawa nawapenda, wamenisomeshea watoto. Lakini barobaro wetu wa ufuoni wanazungumza Kitaliano kunishinda na Adowa, walikoshindwa Waitaliano na Wahabeshi mwaka 1896, hawaijui. Akiambiwa habari za barabara, kijana naye atanyamaza kama mimi.

Naomba wachapishaji wetu wavitafute vitabu vya Del Boca na kuvitoa kwa Kiswahili, na gazeti lako lichape japo sura moja kila wiki. Watafsiri tuko huku. Mimi nimeshaanza, kwa kalamu na daftari, baada ya Isha, sura ya mauaji ya siku tatu waliyoyafanya Waitaliano mjini Addis Ababa, Februari 1937. Bado kurasa sita. Nikiambiwa nilipeleke wapi daftari hili, nitapanda basi hadi Mombasa nilikabidhi kwa mkono wangu.

Mtembeza wageni,
Shela, Malindi