Malalamiko Kuhusu Boila Linalonguruma na Mafundi Watatu Ambao Hawakulisikiliza

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MILIO YA MFUMO WA KUPASHA NYUMBA JOTO NA USHAURI WA HATARI NILIOPEWA KWA SIMU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninapoandika barua hii nimefunga valvu ya gesi na kulizima boila, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, mlilonifungia miaka minne iliyopita. Mama yangu mzazi, ambaye chumba chake kinapakana na kabati la boila, amejifunika mablanketi matatu na tunaota hita ya umeme ya kuazima. Nimelizima kwa sababu jana alfajiri, lilipokuwa linajiwasha, lilitoa mshindo uliotikisa mlango wa kabati. Nikapiga simu kwenu. Mhudumu akaniuliza kama boila linawaka, nikamwambia linawaka, akanijibu kwamba basi niendelee kulitumia mpaka fundi apatikane, baada ya siku tisa.

Nitarudi kwenye mshindo huo, kwa kuwa ndio ulionifanya nishike kalamu. Lakini kabla yake kuna wiki saba za milio mingine ambayo nimewaeleza mara tatu, na mara zote tatu nikaambiwa ni ya kawaida.

Mama ndiye aliyesikia wa kwanza. Aliniita usiku akasema, "Hebu njoo, kuna birika linachemka humu ukutani." Nikaweka sikio ukutani, na kweli: mngurumo wa chini chini unaopanda taratibu, kisha milio ya kugonga ya harakaharaka kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, halafu kimya boila linapojizima. Tangu usiku huo nikaanza kuandika kwenye daftari kila mlio: saa, sindano ya geji ya presha ya maji ilikuwa wapi, radieta ipi (yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitisha maji ya moto) ilikuwa ya moto na ipi ya baridi. Daftari hilo limewahi kuwa mezani mbele ya mafundi wenu wote watatu. Hakuna aliyelifungua.

Fundi wa kwanza alikuja nilipolalamika kuhusu maji yanayobugujika kwenye radieta za ghorofani. Radieta hizo zilikuwa za moto chini na baridi juu, dalili ya hewa iliyonaswa, na alipoitoa kwa ufunguo wake mbubujiko ukaisha. Kwa hilo namshukuru. Ila radieta ya sebuleni ilikuwa kinyume: moto juu, baridi chini. Nilimwonyesha. Naye akaitoa hewa vilevile, ingawa hewa hukaa juu, haikai chini. Kilichotoka pale ni maji meusi kama wino. Akayafuta kwa kitambaa na kuondoka. Mimi nilibakiza kidogo kwenye kikombe, nikayaacha yakauke juu ya karatasi, nikapitisha sumaku ya mlango wa friji chini yake. Unga mweusi ukasogea kuifuata. Hiyo ni kutu ya chuma, ile nyeusi inayovutwa na sumaku, na maana yake ni kwamba radieta zenyewe zinaliwa kutoka ndani na tope linajikusanya chini yake.

Aliacha jambo jingine pia. Ukitoa hewa presha hushuka, na yeye hakurudishia maji. Nilikuta sindano ikisoma 0.6 bar (bar ni kipimo cha presha), wakati kitabu chenu cha maelekezo kinataka kati ya 1 na 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Usiku huo mngurumo ulizidi kuliko siku zote, na hili nataka msome kwa makini. Maji yaliyobanwa kwa presha huchelewa kuchemka: geji ikisoma 1 bar, yanahitaji karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Presha ikipungua, yanachemka mapema zaidi. Fundi wenu alikuwa amelisogeza boila karibu zaidi na kuchemka, kisha akaniandikia kwenye fomu "kazi imekamilika".

Fundi wa pili alisimama mlangoni pa kabati kwa dakika chache, akasema boila likishakuwa na umri lina kelele zake. Miaka minne! Hakugusa kifuniko. Simlaumu kwa kuwa na haraka, pengine ratiba yake mnaipanga ninyi, lakini mlio aliousikia akiwa amesimama pale una jina na una sababu. Ni ukoko wa chokaa. Maji ya kwetu ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na chokaa si kama sukari ambayo huyeyuka vizuri zaidi maji yakipata moto. Yenyewe hujitenga na maji yanapopashwa, na hugandia palepale penye joto kali kuliko pote, yaani kwenye kuta nyembamba ambamo mwali wa gesi hupasha maji. Ukoko ukishajijenga, njia ya maji hupungua na joto hushindwa kupita sawasawa. Maji yaliyo chini ya ukoko huchemka kabla ya mengine, viputo vya mvuke huzuka, hukutana na maji yaliyopoa kidogo, vikasinyaa kwa kishindo. Vishindo hivyo kwa maelfu ndivyo birika la mama.

Mtaniuliza chokaa chote hicho kimetoka wapi, ikiwa mfumo umefungwa na maji ni yaleyale yanayozunguka. Ni swali zuri, na ndilo nililotaka fundi yeyote kati ya watatu ajiulize. Maji si yaleyale. Daftari langu linaonyesha kwamba katika wiki saba presha imeshuka mara tano, na mara zote tano mhudumu wa simu ameniambia nifungue valvu ya kujazia maji niirudishe. Kwa hiyo mahali fulani maji yanatoroka, au tangi la kutanukia, lile linalopokea maji yanapoongezeka ujazo kwa joto, limekufa na maji yanatokea kwenye valvu ya usalama yakipata moto. Kila ninapojaza, ninaingiza chokaa kipya kinachokwenda kujenga ukoko, na hewa mpya inayokwenda kulisha kutu. Tope la sebuleni na mngurumo wa kabatini vina mzazi mmoja. Ninyi mmeandika taarifa tatu tofauti, na hakuna hata moja yenye neno "kuvuja".

Fundi wa tatu aliongeza kasi ya pampu. Mngurumo haukuondoka; uliongezewa filimbi kwenye valvu za radieta, kwa kuwa sasa maji yanapitishwa kwa nguvu mahali pembamba. Ndiye pia aliyenihakikishia kwamba "kila nyumba yenye mabomba ya moto ina kelele".

Hapo ana ukweli kidogo, na sitaki nionekane mtu wa kulalamikia kila kitu. Ile tiki-tiki ya chini ya sakafu asubuhi sijawahi kuilalamikia. Bomba la shaba la mita 10 likipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka zaidi kidogo ya milimita 8, lazima lisugue mbao na vibanio vyake. Likishapata moto hunyamaza. Huo ndio mlio wa kawaida. Kuuweka fungu moja na mngurumo wa boila, na baadaye na mshindo, ni kukataa kusikiliza.

Sasa mshindo. Boila la gesi linapojiwasha linatakiwa lishike moto mara moja, kwa mlio mdogo wa kupumua. Likitoa mshindo, maana yake gesi imetangulia kujikusanya ndani kabla cheche haijaishika, kisha ikalipuka yote kwa pamoja. Sababu inaweza kuwa kichomeo kichafu, ncha ya cheche iliyolegea au kuchakaa, au presha ya gesi isiyo sahihi. Siwezi kujua ipi, kwa kuwa kifuniko hufunguliwa na fundi mwenye leseni ya gesi na mimi siyo. Ninachojua ni kwamba mishindo ya namna hiyo ikirudiarudia inaweza kuharibu vizibo, na vizibo vikiharibika moshi unaweza kuingia ndani ya nyumba. Ndani ya moshi huo huweza kuwamo kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. King'ora chetu cha gesi hiyo hakijalia, na tuliondoka kitandani salama. Lakini mama analala mita mbili kutoka pale, na ni mzito wa kuamka.

Mhudumu wenu hakuniuliza swali hata moja kuhusu mlio wenyewe. Hakuuliza unatokea wakati wa kuwasha au wakati linaendelea kuwaka, hakuuliza kama kuna harufu, hakuuliza kama tuna king'ora. Aliuliza tu kama linawaka. Mtu aliyefuata ushauri wake angeliwasha tena usiku uleule, na usiku uliofuata, kwa siku tisa.

Nadai yafuatayo. Fundi mwenye leseni ya gesi aje kesho, si baada ya siku tisa, afungue kichomeo, akague cheche na vizibo, apime moshi unaotoka, na aniachie vipimo kwa maandishi. Kisha mtafute panapovuja kabla ya kugusa kitu kingine, kwa kuwa mkisafisha mfumo huku unavuja nitakuwa na tope jipya kabla baridi haijaisha. Pakishazibwa, mfumo wote uoshwe, ukoko uondolewe kwa dawa yake, dawa ya kuzuia kutu iwekwe, na kichujio chenye sumaku kifungwe kwenye bomba la kurudishia. Kasi ya pampu irudishwe ilipokuwa. Gharama za ziara tatu zilizopita nirudishiwe. Zilikuwa ziara, hazikuwa matengenezo.

Nadai pia nijibiwe kwa maandishi wahudumu wenu wa simu wameelekezwa kusema nini mteja anapowaeleza kuhusu mshindo wakati wa kuwasha. Hili si kwa ajili yangu. Mimi nina daftari na nilijua kufunga valvu. Simu kama hiyo hupigwa pia na watu ambao hawajui.

Nimeambatanisha nakala ya kurasa zote za daftari na rekodi nne za sauti: mbubujiko, mngurumo, filimbi na mshindo. Mshindo umo kwenye ya nne, sekunde ya 11. Naomba msikilize kabla ya kumtuma mtu.

Boila litabaki limezimwa mpaka fundi afike.

Mteja wenu,
mwenye mkataba wa matengenezo ya kila mwaka